Zamu ya Bi Mkubwa

Hizza alirudi saa tatu usiku, Jumatano ya kwanza ya mwezi,
siku ambayo redio hututajia bei mpya ya lita
kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu.
Akasimama mlangoni, viatu mguuni,
akasema, "Mama Nuru, nimeleta wa pili."

Nikaweka mwiko chini.
Nikatoka nje kumtazama huyo mwenzangu.
Mwekundu, mwembamba, ana kovu kwenye tenki,
boksa ya mkono wa tatu kutoka Manzese,
kioo cha kulia anacho, cha kushoto hana.
Nilicheka hadi nikakalia ndoo.

Tuna gari. Semeni mtakalo, tuna gari.
Noa ya rangi ya fedha, mkopo wa miaka minne.
Goba hadi Kariakoo, foleni ya Tangi Bovu ikiwamo,
ilikunywa kama mgeni asiyejua hali ya nyumba.
Daftari langu ni shahidi:
ukurasa wa Machi, mafuta yamekula ada,
ukurasa wa Aprili, yamerudi kulamba sahani.

Basi tukamfunika Bi Mkubwa turubai la bluu,
tukamfunga kamba kama mzigo wa safari asiyoijua.
Mzee Kiwia akachungulia juu ya ukuta:
"Vipi jirani, mmefulia?"
"Tumefua, mzee," Hizza akajibu. "Sasa tunaanika."

Bi Mdogo hana makuu.
Elfu kumi humtosha siku tatu, mjini na kurudi.
Magari yamesimama Mwenge kama meno,
yeye ndiye ulimi.
Ila mvua ikimkuta, haimbagui na bwana wake:
Hizza hufika kazini suruali inachuruzika,
huianika nyuma ya feni, akakaa na kikoi hadi saa nne
akiidhinisha malipo ya watu wakavu.
Usiku namkanda mgongo kwa mafuta ya nazi.
Hayo nayo mafuta. Bei nimeiandika.

Mimi nilijifunza Jumapili, uwanja wa shule.
Gia ya kwanza ilinitupa, ya pili ikanisamehe.
Wavulana wakapiga mluzi.
"Ni mama yangu huyo!" Nuru akawapigia kelele,
na hajawahi kujivunia gari kwa sauti ile.

Kisha Juni, saa nane za usiku, pumu ikamkaba.
Turubai tulilirarua.
Kuku wa Mzee Kiwia alikuwa ametaga chini ya bampa.
Hizza akazungusha ufunguo:
tik.
Tik.
Betri imekufa kwa kukaa. Kwa kutunzwa.
Nililiambia gari maneno nisiyoweza kuyaandika hapa.

Tukapanda watatu, Nuru katikati,
sikio langu mgongoni pake,
nahesabu pumzi kama ninavyohesabu lita.
Barabara nyeupe hadi Sinza.
Jiji zima limetupisha, mara moja tu maishani,
na hatukuwa na nafasi ya kulishukuru.

Alfajiri alikuwa anadai soda.

Siku hizi, kila Jumamosi, tunamfunua Bi Mkubwa.
Tunamwasha dakika kumi na tano. Hatuendi popote.
Nuru hushika usukani, humpigia honi Mzee Kiwia,
Hizza hufuta vumbi mahali ambapo hapana vumbi.
Mimi nimesimama na daftari, nausikiliza moshi,
najua ni shilingi ngapi zinapanda mbinguni.
Kuandika nitaandika, lakini safu ipi?
Si safari. Si ada. Si dawa.
Jumamosi iliyopita nikaiweka pembeni, kwa penseli:
*zamu yake.*